Mvua Imekuja, Kaileta Nani

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga, jamani. Mimi ni mtu wa amani, siasa siijui, na serikali nazipenda, zote mbili, ile ya zamani na hii ya sasa. Ni kwamba majina ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo, na siku hizi jina silitoi hovyo. Mimi mwenyewe niite fundi tu. Jina langu lipo, tutalifikia.

Basi sogea karibu na ukuta, wewe uliyeletwa leo, maana naona hata hujui uko hapa kwa kosa gani. Afande wa mlangoni naye anakaribishwa kusikiliza. Nitasema mazuri matupu.

Kulikuwa na bendi ya roki ikiitwa Radi ya Mchana. Najua utasema roki ni muziki wa wazungu wenye nywele ndefu. Ya kwetu ilipigwa na dada mmoja mwembamba, Sikudhani, mwenye kilemba, gitaa la umeme na sauti ya kukwaruza, pamoja na kaka yake Kombo, mpiga ngoma, mtu mnene, mpole, ambaye akishika vijiti vyake ungedhani ngoma zimemkosea adabu. Kulikuwa na kijana wa besi pia, lakini huyo alikimbia mapema na simhesabu. Mimi nilikuwa fundi mitambo, mwenye kurekodi.

Studio yetu ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa mama yao, Bi Somoe. Tulibandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Nje ya mlango wa studio ndipo Bi Somoe alipokaangia mihogo ya kuuza, na mafuta yakichemka yalisikika hadi ndani. Tulimwomba asogeze jiko. Akatuambia kwamba jiko lilikuwapo kabla ya gitaa, na kwamba gitaa linakula kwa jiko. Tukaliacha lilipo, maana ilikuwa kweli na mimi nilikuwa nimeshakula.

Mwaka ule mvua ilichelewa mno. Mahindi yalikauka, ng'ombe wakafa, mpaka serikali ikatangaza kwamba ukame haupo. Halafu mchana mmoja ikanyesha, bila kibali cha mtu. Sikudhani akaingia studio ameloa chapachapa, akaimba palepale: "Mvua imekuja, kaileta nani?" Kisha akanyamaza. Kombo akapiga mapigo manne, du, du, du, du, na gitaa likaingia kwa hasira. Jibu halikuwapo. Swali, ngoma, basi, na uzuri wote wa wimbo ulikuwa hapo. Nilirekodi kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni kabisa, kabla gitaa halijalia, unasikia mafuta ya Bi Somoe yakichacharika. Nilitaka kuyafuta, Sikudhani akakataa, akasema hiyo ndiyo mvua yenyewe. Hayo mafuta yakumbuke.

*

Katika nchi yetu wimbo hauendi hewani mpaka Mkurugenzi wa Redio ya Taifa ausikilize akiwa amefumba macho. Aliusikiliza wa kwetu, akafumbua jicho moja, akaomba urudiwe, akafumbua la pili.

"Wimbo huu unauliza swali kisha unanyamaza," alisema. "Mnataka wananchi wajibu wenyewe? Wananchi hawajazoea."

Akatueleza kwa upole kwamba swali lisilo na jibu, likitoka redioni asubuhi, linaweza kukaa na mtu kutwa nzima, akaenda nalo kazini, akarudi nalo kwa mkewe. Alitaka jibu. Yale mapigo manne yalikuwa nafasi nzuri ya kuweka jina la mtu, na mtu mwenyewe awe wa maana. Bila hivyo wimbo ungebaki mezani kwake, chini ya nyimbo nyingine ambazo nazo zilikuwa zimeuliza.

Sasa, kutaja majina kwenye nyimbo si jambo geni kwetu. Tangu enzi za madansi ya ukumbini, mwanamuziki mwenye njaa humtaja tajiri aliyekaa meza ya mbele, tajiri huinuka akajitingisha mbele ya watu, na bendi ikala. Sikudhani alikasirika, akasema roki haitaji watu. Kombo ndiye aliyemtuliza. Alisema si amtaje Waziri wa Maji, mvua si ni maji, nani atadhurika hapo? Kombo mwenyewe, kwa kinywa chake. Baadaye alilikumbuka sana neno lile.

Tukarudi studio. "Mvua imekuja, kaileta nani?" Bwana Chande. Liliingia kwenye mapigo manne sawasawa, silabi moja kila pigo, tena kwa raha.

Ule wimbo ulilipuka, ndugu yangu, usifanye mchezo. Ulipigwa kwenye saluni, kwenye harusi, kwenye misiba ya watu waliokuwa wachangamfu. Watoto waliucheza mbele ya mabomba yaliyokuwa yakitoa hewa. Bwana Chande alifurahi hadi akaufunga kwenye king'ora cha gari lake, na akaanza kutembea na mwavuli jua likiwaka, akiwapungia watu.

Wiki haikupita, Baraza la Mawaziri likakaa. Mtukufu Rais, ambaye siku hizo jina lake lilikuwa fupi tu, Shime, alimwangalia Bwana Chande kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mvua huletwa na Chande. Mimi nilidhani ni mimi." Hakuongeza neno. Lakini mawaziri wetu ni watu waliosoma. Kila mmoja alivuta kiti chake kidogo. Ilipoletwa chai, Bwana Chande alikuwa amebaki peke yake upande mzima wa meza, na sahani ya sambusa ambayo hakuna aliyenyoosha mkono kuifikia. Gari lake liliondoka bila yeye. Kesho yake nyumbani kwake kulikuwa na mapazia tu, na taarifa ya habari ikaeleza kwamba nchi yetu haijawahi kuwa na Wizara ya Maji.

*

Ungefikiri watu wangeuogopa wimbo. Wakubwa waliuona una nafasi wazi. Mkuu wa Bandari alituita ofisini, akatukalisha kwenye viti vinavyozunguka, akasema jina lake litakaa vizuri zaidi kuliko la yule bwana ambaye hakuwahi kuwapo. Tukarekodi upya. Bosi Lwena, likaingia. Mtukufu aliusikia garini, akauliza tu kwamba mtu wa bandari mvua kaitoa wapi. Viti vikavutwa tena.

Wa tatu hakuomba. Mkurugenzi wa Redio aliogopa kuliacha pengo tupu, akaweka jina la mtu ambaye hakuwa na maadui ili asimuudhi yeyote. Alikuwa Jaji Tungu, mzee mwadilifu. Ni yeye aliyewahi kumwachia huru Kombo, alipokamatwa kwa kosa la kupiga ngoma kwa nguvu kupita mahitaji. Sikudhani alimwimba huku analia. Mkurugenzi akasema kilio kimeongeza ladha. Jaji Tungu aliusikia wimbo akiwa kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Aliinuka, akawaaga watu kwa heshima, akaenda nyumbani kusubiri. Hakusubiri sana.

Siku hiyo Kombo hakula. Alikaa uani amevishika vijiti vyake, mama yake akimwekea sahani, akiiondoa, akimwekea nyingine.

*

Mkuu wa Idara ya Utulivu, Bwana Mwadini, alikuja kututembelea mchana kweupe, peke yake, kwa miguu. Alivua viatu mlangoni akavipanga vizuri. Akamwamkia Bi Somoe shikamoo, akaomba mhogo, akasifu pilipili. Mimi nilimpenda mara moja, afande, wallahi nilimpenda. Hata viatu vyake nilivisogeza kivulini.

Alikuja kutushukuru. Alisema zamani kumwondoa mtu mmoja kulihitaji mashtaka, mashahidi wa kufundishwa, hakimu wa kuamshwa, na maelezo marefu kwa mabalozi. Sasa mtu akitajwa anajiondoa mwenyewe, na majirani wanamsaidia. Idara yake ilikuwa haijawahi kupumzika namna ile. Kuanzia siku hiyo, alisema, majina yatatoka kwake, kwa mdomo, kila akija kula mhogo.

"Ninyi endeleeni na sanaa," alisema. "Sanaa ina uhuru wake. Mimi naleta jina tu."

Akawa analeta. Waliotajwa walianza kujipeleka gerezani na magodoro yao kichwani, wakimuuliza mlinzi kama wamekosea mlango. Wake wa wakubwa walianza kuwapigia waume zao pasi nguo za kwenda gerezani mara tu gitaa liliposikika, kwa tahadhari, kabla jina halijafika. Tena hawakungoja hata gitaa. Wimbo si ulianza na mafuta yanayochemka? Basi ikawa mtu yuko hotelini, chapati inatiwa mafutani, chaaa, na hoteli nzima inasimama, mikono kichwani. Mabwana wazima walizimia kwa sababu ya kitumbua. Nchi ikaacha vyakula vya kukaanga, na Wizara ya Afya ikajipongeza kwa kushinda vita dhidi ya mafuta. Bi Somoe alikosa wateja wote. Isipokuwa mmoja.

Ndipo watu wakagundua kitu. Pengo la wimbo lilikuwa la mapigo manne, halikuongezeka. Jina refu haliingii. Lo! Ofisi ya kusajili majina ilijaa hadi barabarani. Waziri wa Kilimo, tuliyemjua kwa jina la Sefu, akawa Sefumlimajiembelisilolala, moja kwa moja bila nafasi. Watoto wachanga walipewa majina ya sentensi nzima, na walimu wakawa wakiita mahudhurio hadi kengele ya kwenda nyumbani inalia. Mtukufu mwenyewe, ambaye kila mtu alijua hana cha kuogopa, alilirefusha la kwake kimyakimya. Tangazo lilisema ni kwa ajili ya heshima tu. Tangu siku hiyo akaitwa Mtukufu Rais Jemadari Daktari Shime Mwenye Busara Mpenda Wanyonge Mtetezi wa Mipaka Mleta Umeme Asiyechoka Wala Kusinzia wa Kwanza.

*

Bwana Mwadini alikuja na ombi dogo. Alimtaka Kombo aongeze mapigo. Manane, kumi na mawili, kadiri jina litakavyohitaji.

Kombo hakuwa msemaji. "Wimbo una mapigo manne," alisema.

Bwana Mwadini akamuuliza kwa upole, na je akiombwa vizuri?

"Nilimpigia Jaji Tungu. Hayo manne yananitosha."

Bwana Mwadini alitafuna taratibu, akamaliza, akanawa mikono, akaomba radhi kwa usumbufu. Walijaribu wapiga ngoma wengine. Wa bendi ya polisi alipiga kwa usahihi kabisa, na wimbo ukafia mkononi mwake, watu wakacheka pale ambapo walitakiwa kuogopa. Ni Kombo tu aliyekuwa na ule mkono. Kwa hiyo ikawa, kwa miezi kadhaa, watu wa majina marefu waliendelea kuishi kwa sababu mtu mmoja mnene amekataa kurefusha mpigo. Walipita mbele ya nyumba bila kugeuza shingo. Lakini asubuhi tulikuta nazi mlangoni, au mkungu wa ndizi, au kuku amefungwa miguu. Hakuna aliyesema asante, maana asante nayo ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Mimi nikajidanganya kwamba yamekwisha. Kisha Bwana Mwadini akaja tena, akachuchumaa karibu na karai la Bi Somoe, Sikudhani akiwa anamenya mihogo pale. Nilikuwa mlangoni nakunja nyaya zangu. Alimwambia kwamba Sikukuu ya Uhuru inakuja, uwanja mkubwa, Mtukufu mwenyewe atakuwapo, na kwamba jina la mwaka huu ni la ndani.

"Utamtaja kaka yako," alisema. "Sema vilevile unavyomwita nyumbani. Kaka Kombo. Nimepima, linaingia."

Sikudhani alimuuliza, akiliacha pengo tupu je? Bwana Mwadini akafikiri, kama mtu aliyeulizwa bei. Akasema pengo likibaki tupu, yeye ataelewa kwamba wameamua kuondoka wote wawili, na hatawazuia. Kisha akavaa viatu vyake. Akamuaga Bi Somoe, akamwomba pilipili asiipunguze.

Hawakufichana, watoto wale. Sikudhani aliingia studio akamwambia kaka yake hapohapo. Kombo alikuwa anakaza ngozi ya ngoma. Aliendelea kukaza.

"Nitaje tu," alisema. "Ukikataa tutaondoka wawili, mama abaki na karai."

Sikudhani akasema hawezi. Akasema afadhali ulimi ung'oke. Akaanza kulia kwa hasira, kama wimbo wake, na mimi nikawa nakunja waya uleule niliokwisha kuukunja. Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni na kisu chake. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza lile jina jipya la Mtukufu ni refu kiasi gani. Nikamwambia mama, ni refu, mimi mwenyewe silimalizi. Akauliza kama mtu mwenye kifua kizuri anaweza kulimaliza bila kukatika. Nikasema sijui. Sikudhani aliacha kulia. Kombo aliacha kukaza ngoma. Mimi nilidhani ni maswali ya kawaida tu ya mzazi.

*

Uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Jukwaa kuu lilikuwa na kivuli, mazulia, na safu za wakubwa wenye majina yasiyomalizika. Mtukufu katikati, mkewe kushoto, Bwana Mwadini kulia, ametulia, ameweka mikono juu ya magoti. Bi Somoe alikuwa huko nyuma kabisa, kwenye jua, na aproni yake ya kazi.

Nilifungua mitambo. Mafuta yakachacharika kwenye spika zote za uwanja, na umati mzima ukashika pumzi. Gitaa likalia. Sikudhani akaimba ubeti wa kwanza bila kuyumba. Kisha akafika pale.

"Mvua imekuja, kaileta nani?"

Alimwangalia kaka yake. Kombo aliinua vijiti. Bwana Mwadini akaitikia kwa kichwa kidogo, kumtia moyo binti wa watu.

"Mtukufu Rais," akaimba Sikudhani, na Kombo akapiga manne, na jina lilikuwa halijaisha, na Kombo akapiga manne mengine. "Jemadari Daktari Shime Mwenye Busara." Vijiti vinaendelea. Mtu yule aliyekataa kuiongezea serikali nzima hata mpigo mmoja, sasa alipiga na kupiga, machozi na jasho vinamtiririka kidevuni, akimsubiri dada yake. "Mpenda Wanyonge Mtetezi wa Mipaka." Hapo Sikudhani alivuta pumzi, nikaisikia kwenye spika, nikasema moyoni amekwisha. "Mleta Umeme Asiyechoka Wala Kusinzia wa Kwanza." Likaisha. Likaingia lote. Gitaa likapasuka.

Ilikuwa sifa, afande, zingatia hilo. Hakuna sheria inayokataza kumsifu Mtukufu. Naye mwenyewe alisimama akitabasamu, akapunga mkono. Watu hawakushangilia. Mtukufu akapunga tena, na hapo akasikia sauti aliyoijua vizuri, ya viti.

Hakuna aliyeamrisha. Yalikuwa mazoea tu. Mkuu wa Majeshi alivuta chake. Waziri wa Kilimo na jina lake lote akavuta chake. Mke wa Mtukufu aliokota mkoba akasema amekumbuka pasi, ameiacha kwenye umeme. Bwana Mwadini alisubiri wote wamalize, kisha akainuka, akakibeba kiti chake kwa mikono miwili bila kukiburuza, akakiweka mbali. Mtukufu akabaki katikati ya zulia peke yake, mkono ukishuka kidogokidogo. Aliulizia gari lake. Likawa limeondoka. Alitoka kwa mlango wa wanamichezo, anatembea kwa miguu, na umati ukampisha njia pana sana.

*

Jioni taarifa ya habari ikatujulisha kwamba Bwana Mwadini ni Msimamizi wa Taifa, na kwamba amekuwa Msimamizi siku zote.

Furaha ya siku zile siwezi kuieleza. Watu walikaanga! Mji mzima ulinuka chapati, samaki, bagia, mihogo. Watu wasiojuana walilishana barabarani. Bi Somoe aliuza mpaka akaishiwa mihogo, akakaanga viazi, akaishiwa viazi, akakaa kwenye kigoda akacheka. Kombo alikula. Nilimwona kwa macho yangu akila na kuongeza, na mama yake akimtazama kila tonge.

Kisha tukaitwa uwanjani kutunukiwa nishani. Mimi nilishika waya wa kipaza sauti, maana ulikuwa na tatizo. Uwanja ulijaa watu walewale, midomo bado inang'aa mafuta. Msimamizi alisimama mbele yetu amevua viatu, kwa unyenyekevu, na akaishukuru sanaa. Alisema taifa halina budi kujua deni lake liko kwa nani. Alisema maneno mengi mazuri, kwa sauti yake ileile ya kuomba mhogo.

"Mvua imekuja," alisema. Hakuimba. "Kaileta nani?"

Akawageukia wale watoto wawili, akataja majina yao taratibu, ili kila mtu ayasikie.

"Sikudhani. Kaka Kombo."

Na uwanja mzima ulirudi hatua moja nyuma. Watu walioletewa uhai na mkono wa Kombo, watu walioacha nazi mlangoni, Sefumlima na ukoo wake wote, walirudi nyuma wakitazama chini. Iliniuma, sitaki kudanganya. Iliniuma kuliko yote. Sikudhani na kaka yake wakabaki peke yao kwenye majani na nishani shingoni.

Mtu mmoja ndiye aliyekuja mbele. Alitoka huko nyuma kabisa akiwasukuma watu kwa kiwiko, aproni imejaa unga, akaja akasimama katikati ya wanawe. Askari akamuuliza ni nani.

"Somoe binti Ngwali," alisema, na waya wangu siku hiyo ukafanya kazi vizuri, uwanja wote ukasikia. "Hawa nimewazaa mimi."

Mimi pia sikurudi nyuma. Si ushujaa, afande. Waya ulikuwa mfupi. Askari akaniuliza nami ni nani, nikamwambia ni fundi tu, akasema nitakwenda kuliandikisha jina langu huko mbele.

*

Basi ndiyo hapa. Kombo yuko chumba cha pili, nyuma ya ukuta huu uliouegemea. Bi Somoe na Sikudhani wako upande wa wanawake, ng'ambo ya ua. Msimamizi, nasikia, amelifuta jina lake kabisa, sasa huandikwa "Yeye", na chakula chake hupikwa kwa kuchemshwa.

Hujaamka asubuhi hapa, kwa hiyo nikueleze, usije ukashtuka. Kukipambazuka, utamsikia Sikudhani huko ng'ambo, sauti imekwaruza zaidi siku hizi. Atauliza swali lake lilelile, mvua imekuja, kaileta nani. Kombo atagonga ukutani mapigo manne. Na mtu wa kwanza atataja jina lake mwenyewe, kwa nguvu, jina lake la kuzaliwa. Swali tena, mapigo, mtu wa pili. Chumba hadi chumba. Kuna wenye majina marefu humu, waliorudi nyuma siku ile na bado wakaletwa, na Kombo huwasubiri mpaka wamalize. Mwezi uliopita aliletwa mzee mmoja, amechoka, ana sauti tuliyoizoea redioni. Tulijua huyo atatuchelewesha chai. Kombo akaandaa mkono. Mzee akasema, "Shime," akanyamaza, na mapigo mawili yakabaki.

Na kuna asubuhi zamu ya mtu inafika, na hajibu mtu. Godoro limekunjwa. Kombo hugonga manne yake hivyohivyo, matupu, kama siku ile ya kwanza studio, kabla ya Mkurugenzi, kabla ya Bwana Chande. Tunayasikiliza mpaka yaishe. Kisha tunaendelea na anayefuata.

Anayefuata, kwa mpangilio wa vitanda, sasa ni mimi. Kesho mapema wataita baadhi ya watu wa chumba hiki, afande amenidokeza, si ndiyo, afande? Kwa hiyo kama nitakuwa sijajibu, nijibie wewe. Naitwa Mosi. Fundi Mosi. Pima mwenyewe kwa kidole hapo ukutani, linaingia.